Dirisha la Wodi na Hewa ya Nje: Historia ya Taratibu za Dharura za Hospitali kutoka London 1952 hadi Goma 2021

Ikisiri

Taratibu za dharura za hospitali katika ukanda wa Maziwa Makuu zimejengwa juu ya imani isiyosemwa, kwamba hewa ya nje ni salama kuliko hewa ya ndani. Makala haya yanafuatilia chimbuko la imani hiyo katika mageuzi ya uuguzi ya karne ya 19, kisha yanachunguza namna ilivyotikiswa London mwaka 1952, Bhopal mwaka 1984, Nyos mwaka 1986 na Goma miaka ya 2002 na 2021. Hoja yetu ni kwamba katika matukio hayo upungufu mkubwa haukuwa wa dawa. Hospitali zilikosa njia ya kutambua mapema kilichomo katika hewa, na ya kuwafikishia wengine taarifa hiyo wakati bado ina faida.

1.0 Utangulizi

Mtu akiingia katika hospitali kongwe za mikoa yetu, mara nyingi jambo la kwanza analoliona ni madirisha. Wodi ni ndefu, dari imeinuka, madirisha yamepangwa pande zote mbili, na nje kuna baraza ambapo wagonjwa huketi jua linapochomoza. Umbo hilo lina historia, na historia hiyo imeingia katika taratibu tunazowafundisha wauguzi hadi leo: fungua, pitisha hewa, toa mgonjwa nje apunge upepo.

Historia ya tiba katika ukanda huu imeandikwa zaidi kama historia ya magonjwa ya kuambukiza na ya vita, na kwa haki. Wakimbizi walipofurika Goma mwezi Julai 1994, kipindupindu kiliua makumi ya maelfu katika majuma machache. Ebola ilizuka Kivu Kaskazini mwaka 2018 na kukaa hadi 2020. Kila janga la aina hiyo limeziachia hospitali mazoea: mahema, vizuizi, mavazi ya kinga, maji yenye klorini, njia za kuingilia na za kutokea. Mazoea hayo ni hazina. Hata hivyo yote yanaichukulia hewa ya nje kuwa rafiki. Swali la makala haya ni hili: hospitali hufanya nini pale hewa ya nje yenyewe inapogeuka kuwa ndiyo janga? Na je, waliokutwa na hali hiyo kabla yetu walijifunza nini, na walichelewa wapi?

Tumechagua matukio machache, na hatukuyapa nafasi sawa. London imepewa nafasi kubwa kwa sababu huko ndiko hospitali zilikokuwa na chombo cha kuhesabu. Goma kwa sababu ni kwetu.

2.0 Dirisha lililofunguliwa

Florence Nightingale alifika Scutari mwishoni mwa mwaka 1854 na kukuta askari wa Uingereza wakifa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Aliporudi kwao aliandika, na mwaka 1859 vilitoka vitabu vyake viwili vilivyobadilisha uuguzi na ujenzi wa hospitali. Kanuni yake ya kwanza kwa muuguzi ilikuwa kuhakikisha kwamba hewa anayovuta mgonjwa ndani ni safi sawa na hewa ya nje, bila kumtia baridi. Kutokana na kanuni hiyo ulipata nguvu mtindo wa wodi za mabanda: majengo marefu yaliyotenganishwa, kila moja likipata upepo pande zote. Hospitali ya St Thomas' ya London, iliyofunguliwa mwaka 1871 ukingoni mwa mto Thames, ilijengwa kwa mtindo huo, na wahandisi wa kikoloni wakauchukua hadi Afrika na Asia, ambako joto liliufanya ukubalike hata zaidi.

Nightingale aliamini kwamba maradhi hutokana na harufu na mvuke mbaya. Nadharia hiyo ilikuja kuanguka mbele ya elimu ya vijidudu, lakini dirisha halikuanguka nayo. Waliotibu kifua kikuu walilitetea kwa sababu nyingine: hewa ikibadilishwa mara nyingi, vijidudu vinavyoelea hupungua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupitisha hewa ya asili katika majengo ya tiba ili kuzuia maambukizi, na ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia miaka kumi baadaye, agizo likawa lile lile. Nadharia tatu zilipita, na kila moja ikakuta dirisha liko wazi ikaliacha hivyo.

Ni haki kuongeza kwamba Nightingale mwenyewe hakuwa mjinga wa moshi. Aliishi katika jiji lililopikia, kuota moto na kuendesha viwanda kwa makaa ya mawe, na aliwaagiza wauguzi wachague dirisha ambalo kwalo hewa safi zaidi huingia. Tatizo ni kwamba agizo hilo linachukulia kwamba dirisha la namna hiyo lipo. Hakuacha maelekezo kwa siku ambayo madirisha yote yanaingiza sumu ile ile.

3.0 London: waliohesabu kwa simu

Siku hiyo ilianza Ijumaa, tarehe 5 Desemba 1952. Hewa baridi ilinaswa chini ya tabaka la hewa yenye joto juu ya bonde la Thames, upepo ukakoma, na moshi wa mamilioni ya meko ya makaa ya mawe pamoja na ule wa viwanda na vituo vya umeme ukakosa pa kwenda. Hali hiyo ilidumu hadi Jumanne, tarehe 9. Mabasi yalisimama. Magari ya wagonjwa yaliongozwa na watu waliotembea mbele kwa miguu wakishika taa. Katika ukumbi wa Sadler's Wells onyesho la opera lilikatishwa kwa sababu ukungu uliingia ndani, watazamaji wakawa hawaoni jukwaa. Ikiwa ukumbi wa maonyesho uliingiliwa kiasi hicho, wodi zenye madirisha marefu hazikuwa na kinga bora.

London haikuwa ya kwanza. Katika bonde la mto Meuse, Ubelgiji, watu wapatao 60 walikufa kwa siku chache za Desemba 1930, nao pia chini ya hewa iliyonaswa juu ya viwanda. Donora, mji mdogo wa Pennsylvania, ulipoteza watu 20 mwishoni mwa Oktoba 1948, na maelfu wakaugua. Taratibu za Donora zilibuniwa papo hapo: jumba la jumuiya liligeuzwa kituo cha huduma ya kwanza, na wazimamoto wa kujitolea walibeba mitungi ya oksijeni nyumba hadi nyumba, wakimpa kila mgonjwa dakika chache kisha wakienda kwa mwingine, maana mitungi haikutosha. Madaktari waliwashauri wenye maradhi ya moyo na mapafu wauhame mji. Ushauri ulikuwa sahihi, ila barabara zilikuwa hazionekani. Kiwanda cha zinki kilizima tanuri zake siku ya Jumapili tu, na siku hiyo hiyo mvua ikanyesha.

Tofauti ya London na Donora ni kwamba London ilikuwa na kitu kama fahamu ya pamoja ya hospitali. Mwaka 1938 mfuko wa hisani wa hospitali za London uliojulikana kwa jina la Mfalme Edward ulikuwa umeanzisha Huduma ya Vitanda vya Dharura. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Daktari mwenye mgonjwa wa kulazwa haraka alipiga simu mahali pamoja tu, na wahudumu wa huko wakapiga simu hospitali baada ya hospitali mpaka kitanda kipatikane. Kila ombi liliandikwa. Iliandikwa pia kama kitanda kilipatikana au hakikupatikana, na hospitali zilizokataa zingeweza kubanwa na daktari msuluhishi aliyekuwa na mamlaka ya kuamua mgonjwa apokelewe wapi. Pale maombi yalipozidi uwezo, Huduma ilizipa hospitali tahadhari, nazo zikasimamisha kuwalaza wasio wa dharura.

Katika siku zile za Desemba maombi yalipanda kwa kasi, na yalifika kileleni ukungu ulipokuwa tayari unakaribia kuondoka. Hapo pana somo ambalo hata leo halijaingia vizuri katika mipango ya dharura. Hewa mbaya haijazi hospitali siku ile ile inapoingia. Mgonjwa wa mapafu hujikaza nyumbani siku ya kwanza na ya pili, hasa akiwa mzee asiyeweza kutoka, na huletwa ya tatu au ya nne akiwa amezidiwa. Mpango unaotangaza mwisho wa dharura pale anga linapotakata unatangaza mwisho saa ambayo foleni mlangoni ni ndefu kuliko zote.

Lipo na somo la pili, chungu zaidi. Wahudumu wa simu walijua kwamba jambo kubwa linatokea, lakini mji haukujua. Ilichukua majuma, hadi vyeti vya vifo vilipokusanywa, kwa serikali kutambua ukubwa wa msiba. Kabla ya hapo waliouhisi ni wazishi waliopungukiwa majeneza na wauza maua walioishiwa maua. Takwimu zilipotoka zilionyesha kwamba katika siku mbaya zaidi watu wapatao 900 walikufa kwa siku moja, na kwa jumla vifo vya ziada vilikadiriwa kuwa 4,000. Vifo viliendelea kuwa vingi hadi miezi ya mwanzo ya 1953, na maofisa wakaviweka katika hesabu ya mafua. Watafiti waliorejea takwimu hizo mwaka 2001 walifikia kadirio la vifo 12,000. Tofauti kati ya 4,000 na 12,000 imetokana na swali la lini mtu anaacha kuhesabu, na swali hilo huamuliwa na ofisi, si na mapafu.

Daktari aliyehusika na Huduma ya Vitanda, Abercrombie, alichapisha maelezo yake katika jarida la tiba mapema 1953. Serikali haikuharakisha. Kamati iliyoongozwa na Sir Hugh Beaver iliundwa mwaka huo wa 1953, ikatoa taarifa yake ya mwisho mwaka 1954, na Sheria ya Hewa Safi ikapitishwa mwaka 1956. Katikati ya muda huo, hatua iliyoonekana zaidi na umma ilikuwa kuruhusu madaktari waandikie wagonjwa wa moyo na mapafu barakoa za kitambaa. Vitambaa hivyo havizuii gesi ya salfa. Si vigumu kuona kwa nini serikali ilivipenda: vilikuwa rahisi, vilionekana usoni, na vilimhamishia mgonjwa jukumu la kujikinga.

Kilichofuata cha maana kilitoka kwa wagonjwa wenyewe. Katika hospitali ya St Bartholomew's kitengo cha utafiti chini ya Patrick Lawther kiliwapa wagonjwa wa mkamba wa kudumu vijitabu, kila mmoja aandike kila siku jambo moja: leo ni afadhali, ni sawa, au ni mbaya kuliko jana. Vijitabu hivyo vilipolinganishwa na vipimo vya moshi na salfa, hali za wagonjwa na hali ya hewa vilipanda na kushuka pamoja. Hakuna mtambo wa gharama uliotumika upande wa mgonjwa. Ilitumika penseli.

4.0 Bhopal: gesi iliyokosa jina

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, takriban tani 40 za methili aisosayaneti zilitoka katika kiwanda cha Union Carbide huko Bhopal, India. Ni gesi nzito kuliko hewa. Ilitambaa chini, ikaingia katika vibanda vya maskini walioishi jirani na ukuta wa kiwanda. Maelfu walikimbilia hospitali ya Hamidia kabla ya mapambazuko. Hospitali hiyo ya mafunzo haikukosa madaktari hodari wala moyo wa kujitolea, na wanafunzi wa udaktari walitoka mabwenini usiku ule ule kwenda kuhudumu. Walichokosa ni jina la gesi na tabia zake. Maelezo yaliyotoka upande wa kiwanda yalikuwa kwamba gesi hiyo huwasha macho tu, ioshwe kwa maji.

Kutokujua huko kulikuwa na bei yake hata nje ya hospitali. Waliokimbia walivuta pumzi nyingi na nzito, wengine wakikimbia kufuata upepo. Agizo fupi, kwamba watu wafunike uso kwa kitambaa kibichi na kukimbia kukingamana na upepo, lingeokoa wengi. Halikuwepo kwa sababu hakuna aliyekuwa na wajibu wa kulitoa. Ndani ya hospitali, mabishano juu ya kama waathirika walipata pia sumu ya sayanidi, na kama wapewe thiosulfeti ya sodiamu, yaliendelea kwa miezi huku maslahi ya kisheria yakichanganyika na hoja za kitabibu. Serikali ya jimbo ilithibitisha baadaye vifo 3,787. Makadirio mengine ni makubwa mno kuliko hapo.

Kwa mwanahistoria wa taratibu, Bhopal inaonyesha kwamba maarifa ya dharura yanaweza kuwepo na bado yasifike mlangoni pa hospitali. Kilomita chache tu zilitenganisha waliokuwa na taarifa za kemikali na waliokuwa na wagonjwa. Nchi zetu zinapojenga maghala ya mafuta, viwanda vya mbolea na mitambo ya kuvuna gesi, swali la nani ana nakala ya orodha ya kemikali katika idara ya dharura si la kinadharia.

5.0 Nyos na Goma: hewa itokayo chini

Tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos la Kameruni lilitapika hewa ukaa iliyokuwa imejikusanya katika kina chake. Gesi hiyo, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, ilitiririka mabondeni hadi umbali wa kilomita zipatazo 25 na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Manusura waliopelekwa hospitali za Wum na Nkambe walikuwa na malengelenge yaliyofanana na ya kuungua, na dhana ya kwanza ya wengi ilikuwa kwamba wamechomwa na tindikali. Uchunguzi wa kitabibu ulielekea kwingine: watu hao walikuwa wamelala wakiwa wamezimia kwa saa nyingi, miili yao ikijikandamiza juu ya sehemu moja. Jeraha lililoonekana halikuwa la gesi. Lilikuwa la kulala chini.

Ukanda wetu hauhitaji kwenda Kameruni kujifunza tabia ya gesi hiyo, maana Kiswahili cha Kivu kina neno lake. Wakazi wa Goma na vitongoji vyake huita mazuku yale mabonde na mashimo ambamo hewa ukaa hutoka ardhini na kutuama, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mbuzi hufia humo, na mtoto aliyemfuata mbuzi pia. Msomaji wa pwani huenda akakumbuka mzuka, kile kitokeacho ghafla bila kujulikana kitokako; kufanana kwa sauti si ushahidi wa nasaba, lakini wazo la kitu kisichoonekana kinachomvizia mpita njia ni lile lile. Wataalamu wa volkano walilichukua neno hilo, na leo linatumika katika maandishi ya kisayansi ya lugha nyingine. Ni nadra Kiswahili kuikopesha sayansi istilahi. Inasikitisha kwamba istilahi hiyo iko katika majarida ya jiolojia kuliko katika miongozo ya idara za dharura.

Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava iliukata mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia ziwani. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi. Kati ya milipuko hiyo mlima haukuwa kimya. Kwa miaka mingi baada ya 2002 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilitoa gesi ya salfa mfululizo, na vijiji vya upande unaopelekewa upepo, Rusayo kikiwa kimojawapo, vilipata mvua yenye tindikali na floridi katika maji ya kunywa. Hiyo ni hewa mbaya ya aina ya London, ya kila siku, isiyotangazwa. Mazuku ni ya aina ya Nyos. Hospitali ya Goma inakabiliwa na zote mbili, na taratibu zake haziwezi kuwa zile zile kwa zote mbili. Moshi na salfa vinapotanda, mgonjwa huingizwa ndani na madirisha hufungwa. Hewa ukaa inapotuama, kumfungia mtu katika chumba cha chini ni kumwekea mtego. Hupelekwa juu, ghorofani au kilimani, na mwokoaji hapaswi kuinama bondeni kumwinua bila hewa yake mwenyewe, kwani baadhi ya wanaokufa kwa gesi ya namna hiyo ni wale waliokwenda kuokoa.

Mei 2021 ilionyesha jinsi tofauti hizo zinavyoweza kugongana. Mlipuko ulikuja karibu bila onyo. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilikuwa kimepoteza ufadhili wake mkuu mwaka uliotangulia, na kwa miezi kadhaa hakikuwa na intaneti ya kupokelea taarifa za vipimo vyake. Watu wasiopungua 32 walikufa, baadhi yao kwa gesi walipokuwa wakivuka lava iliyokuwa bado moto. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa kumi kati ya kumi na minane ya mji ihamwe, kwa hofu kwamba magma ilikuwa imeingia chini ya mji na chini ya ziwa. Mwelekeo uliotajwa ulikuwa Sake, upande wa magharibi. Barabara ya kwenda Sake inapita katika ukanda wenye mazuku mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mji. Umati uliolala kando ya barabara hiyo usiku, pamoja na wagonjwa waliobebwa mgongoni na kwa pikipiki, ulikuwa ukikimbia hatari moja huku ukilala jirani na nyingine.

Hatusemi kwamba amri ile ilikuwa ya makosa. Hofu ya ziwa ilikuwa na msingi: Ziwa Kivu limebeba katika kina chake hewa ukaa inayokadiriwa kufikia kilomita za ujazo 300 na methani kilomita za ujazo 60, na pwani zake zina watu wapatao milioni mbili. Tunasema tu kwamba ramani ya mazuku ilikuwepo katika machapisho ya wanajiolojia, orodha ya wagonjwa ilikuwepo katika hospitali, na njia ya kuhama ilichorwa na ofisi ya tatu.

6.0 Masuala kwa washauri wa sera

Jambo la kwanza linahusu oksijeni. Tangu UVIKO-19, hospitali nyingi za ukanda huu zimepata mitambo inayotengeneza oksijeni kwa kufyonza hewa ya nje na kuitoa naitrojeni. Ni maendeleo makubwa. Hata hivyo mtambo wa namna hiyo huvuta hewa ile ile inayomuumiza mgonjwa. Moshi na vumbi huziba vichujio vyake, na mdomo wake wa kuvutia hewa ukiwa chini ya mteremko katika mji wa volkano, uko mahali pabaya. Jenereta nayo hukosa nguvu na kuzimika pale oksijeni inapopungua. Kwa hiyo mitungi iliyojazwa kabla, ambayo imeanza kuonekana kama teknolojia ya zamani, ni akiba isiyotegemea hewa ya siku hiyo, na idadi yake ya chini ingepaswa kuandikwa katika mpango wa dharura kama inavyoandikwa akiba ya damu.

La pili ni dirisha. Wodi ya kifua kikuu haiwezi kufungwa bila kuhatarisha wauguzi na wagonjwa wengine, nayo haiwezi kuachwa wazi moshi unapoingia. Hakuna mwongozo utakaoondoa mvutano huo; kinachowezekana ni kuamua mapema nani anahamishwa kwenda chumba gani, nani ana ufunguo, na kwa kipimo gani. Kampala sasa ina vipimo vingi vya vumbi laini, kwa kazi ya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, na Rwanda ina sheria ya ubora wa hewa ya mwaka 2016. Vipimo hivyo vinasomwa na watafiti na waandishi wa habari. Kwa maoni yetu msomaji wa kwanza angepaswa kuwa muuguzi wa zamu, kwa ujumbe mfupi wa simu, wenye neno moja la kufanya.

La tatu ni hesabu. Huduma ya Vitanda ya London haikuwa na kompyuta. Ilikuwa na simu, daftari, na uzoefu wa miaka 14 wa kujua siku ya kawaida inafananaje. Ongezeko halionekani kwa asiyejua kawaida yake. Hospitali za Goma, Rubavu, Bukavu na Rusizi zinahudumia watu wale wale wanaovuka mipaka kila siku. Ofisi moja ya pamoja inayopokea kila jioni idadi ya waliokuja na shida ya kupumua, na waliokosa kitanda, ingegharimu kidogo kuliko gari moja la wagonjwa. Ugumu wake ni wa kisiasa, kwani ingebidi pande mbili za mpaka ziaminiane katika tarakimu.

Na katika daftari lenyewe la mapokezi pana safu ya jina, umri, makazi na maradhi. Tunapendekeza iongezwe safu moja, mahali mgonjwa alipopatwa: bondeni au kilimani, ndani au nje, saa ngapi. Mtoto anayeletwa alfajiri akiwa amezimia, bila homa wala jeraha, leo huandikwa kwa maradhi yanayodhaniwa, na makazi yake huandikwa kwa jina la mtaa. Shimo alimookotwa halina mahali pa kuandikwa, na mwenzake atakayeletwa juma lijalo kutoka shimo lile lile atapokelewa na zamu nyingine kama mgonjwa wa kwanza.